Njano Hii ni ya Nani?

Alhamisi moja, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimeinama mbele ya spektrofotometa, mashine inayopima rangi kwa mwanga, nikizitazama kuveti mbili, yaani vichupa vyembamba vya kupimia. Ya kushoto ilikuwa na kila kinachohitajika. Ya kulia vivyo hivyo, ila nilikuwa nimeitonesha malonili-koenzimu A, kitu ambacho kwa kimeng'enya cha ini la samaki nilichokuwa nikikipima, protini inayoharakisha kazi ndani ya seli, ni kama pingu. Ya kushoto ilipaswa kugeuka njano upesi. Ya kulia ilipaswa kujivuta, rangi yake ibaki hafifu.

Zilikwenda sambamba, kama mapacha.

Njano yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa kama maji uliyosuuzia kijiko cha manjano baada ya kupika pilau ya Jumapili. Nikaandika namba kwenye daftari, nikazima mashine, nikapanda matatu ya kwenda nyumbani na sikumbuki nilikaa kiti gani.

Ijumaa nikarudia. Jumatatu nikatengeneza bafa mpya, ule mchanganyiko unaoshikilia kiwango cha asidi, nikapima asidi yake upya, nikaosha kuveti kwa mkono wangu badala ya kumwachia mwanafunzi wa mazoezi. Jibu likawa lile lile. Kwa wiki sita jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki aitwaye ngege: humezi, hutemi, na kila ukinyamaza unalisikia.

## Mabawabu wawili

Wanaonifuata hapa wanajua habari za ngege wangu na mama mwenye vizimba, anayewafuga ziwani upande wa Dunga, Kisumu, kwa hiyo sitazirudia kwa urefu. Swali langu la uzamili ni fupi: samaki asipolishwa kwa siku kadhaa, ini lake linabadilika vipi katika kuchoma mafuta? Bei ya chakula cha samaki inajulikana. Mfugaji akijua samaki wake anavyovumilia njaa, ana la kufanya na habari hiyo.

Kuchoma mafuta kunafanyika hasa ndani ya mitokondria, vile vyumba vidogo vya nishati ndani ya seli vyenye ukuta wa nje na wa ndani, na tatizo ni kuingia. Asidi ya mafuta yenye mnyororo mrefu, ikishavishwa koenzimu A, molekuli inayoibeba ndani ya seli, haipiti ukuta wa ndani. Pale nje kuna bawabu. Anaivua koenzimu A, anaivisha karnitini, kibebeo kingine, inapitishwa. Upande wa ndani kuna bawabu wa pili anayeivua karnitini na kuirudishia koenzimu A, tayari kwa kukatwakatwa. Wote wawili wanaitwa karnitini palmitoiltransferezi, CPT kwa kifupi, wa kwanza na wa pili. Wanafanana jina na kazi. Tabia ndiyo tofauti.

Karnitini iligunduliwa mwaka 1905 kwenye supu ya nyama, ndiyo maana jina lake linatokana na neno la Kilatini la nyama. Ilikaa nusu karne bila mtu kujua ni ya nini hasa, hadi Irving Fritz alipoonyesha mwaka 1955 kwamba ukiiongeza kwenye ini, mafuta yanachomwa kwa kasi zaidi. Nusu karne! Hilo lilinipa moyo kidogo katika zile wiki sita.

Bawabu wa nje ndiye mwenye amri. Ini linaposhiba na kuanza kutengeneza mafuta, hatua ya mwanzo kabisa ya utengenezaji huo inazaa malonili-koenzimu A, na hiyo inakwenda moja kwa moja kumfunga mikono bawabu wa nje. Ina maana: huwezi kujaza mtungi huku umetoboa chini. McGarry na Foster, wakiwa Dallas, ndio walioeleza jambo hili mwaka 1977, na mpaka leo ndicho kipimo cha kumtambua bawabu wa kwanza. Ukimwekea malonili anasimama.

Wa pili hajali. Ukimwekea malonili anaendelea na kazi kama hujasema kitu.

## Rangi inavyokuja

Mimi simwoni bawabu. Ninachoona ni koenzimu A inayovuliwa na kutupwa pembeni. Mkia wake una salfa, na salfa hiyo ikiachwa wazi inatafuta pa kushika. Hapo ndipo inapoingia DTNB, dawa ambayo George Ellman aliieleza mwaka 1959. Molekuli yake ina nusu mbili zilizounganishwa salfa kwa salfa. Salfa ya koenzimu A ikija, inaung'oa muungano huo, nusu moja inabaki nayo na nusu nyingine inaachwa ikiogelea. Nusu iliyoachwa ndiyo njano.

Unaelekeza mwanga wa nanomita 412, unaangalia ni kiasi gani kinafyonzwa, unagawa kwa 14,150, namba inayosema njano hiyo inafyonza mwanga kwa nguvu gani, basi umejua ni koenzimu A ngapi zimevuliwa kwa dakika. Hiyo 14,150 ni ya nyuzi 25. Kwenye nyuzi 37 inashuka hadi 13,800 hivi. Kwa sisi tunaopima samaki wa ziwani, 25 inatosha.

Nakiri naipenda hesabu hii. Ni ya watu wasio na pesa. Haihitaji kibali cha kemikali zenye mionzi wala mashine ya mamilioni. Taa, kuveti, na chupa ndogo ya unga.

Ila ina mitego, na nilidhani nimeishaijua yote. Mwezi wa kwanza nilipimia kwenye sahani ya vishimo 96 nikagawa kana kwamba mwanga unapita sentimita nzima, wakati maikrolita 200 ndani ya kishimo hazifiki hata sentimita moja, ni nusu na ziada kidogo. Majibu yangu yote yalikuwa karibu nusu ya ukweli. Nililia kidogo, nikarudi kwenye kuveti.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. DTNB haichagui. Protini nyingi zina salfa zao, nazo zinatoa njano. Hata albumini, protini ya damu ya ng'ombe, unayoiongeza ili kuyatuliza mafuta ina salfa moja iliyo wazi, nayo inadai sehemu yake. Kwa hiyo unasubiri dakika tano fujo hiyo itulie. Halafu ndani ya ini kuna vimeng'enya vingine vinavyoivua koenzimu A hivi hivi, bila karnitini, bila kuipeleka popote. Navyo vinatoa njano.

Dawa ya hilo ni blanki. Unatengeneza kuveti pacha isiyo na karnitini, unapima, unatoa. Kwangu kuveti yenye karnitini ilipanda 0.062 kwa dakika katika ufyonzaji wa mwanga. Isiyo nayo ilipanda 0.034. Tofauti ni 0.028, ambayo kwa mililita moja ni kama nanomoli 2 kwa dakika. Nilikuwa nimeweka robo ya miligramu ya protini, kwa hiyo nanomoli 8 kwa kila miligramu. Namba safi.

Unaona lakini? Zaidi ya nusu ya njano yote haikuwa ya CPT. Kama nisingeweka blanki ningetembea na uongo mkubwa kuliko ukweli. Nilijivunia blanki yangu. Nilimwelezea kila aliyekubali kunisikiliza, pamoja na dada yangu ambaye anauza mitumba soko la Kibuye na aliyesema tu, "Sawa, lakini umekula?"

Nadhani majivuno hayo ndiyo yaliyonifumba macho. Nilikuwa nimeshamkamata mwizi mmoja, nikadhani nyumba iko salama.

## Kisingizio kizuri

Msimamizi wangu alipoona kuveti mbili zinazofanana hakushtuka. "Malonili imekufa," alisema. "Angalia tarehe ya chupa."

Kilikuwa kisingizio kizuri sana. Chupa ilikuwa ya zamani. Stima hapa tunaijua. Friza inazimika, jenereta inasubiri mwenye funguo, mwenye funguo yuko msibani Siaya. Chupa mpya inatoka ng'ambo, inakaa forodhani, inafika ikiwa na bei ya mbuzi wawili. Nani angenilaumu? Nilikuwa na sampuli 48, nusu za samaki waliolishwa na nusu za waliofungishwa, yaani walionyimwa chakula. Waliofungishwa walikuwa juu, waliolishwa chini, kama vitabu vinavyotarajia. Grafu ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilikuwa nimeiweka kuwa picha ya mbele ya kompyuta yangu.

Usiku mmoja niliandika sentensi kwenye rasimu: kwamba kipimo cha malonili hakikujumuishwa kwa sababu ya ubora wa kemikali. Nikaisoma mara tatu. Haikuwa uongo kwa sababu sikuwa na hakika. Lakini ilikuwa inanuka.

Nikaifuta.

Asubuhi nikaamua kuiuliza chupa yenyewe. Malonili-koenzimu A kama imeoza kwa kumwaga koenzimu A yake, ukiitia DTNB tu itakuwa njano pale pale. Haikuwa, ilibaki karibu maji. Kisha nikachukua kiasi kile kile, nikakipasha kwenye alkali ili kuilazimisha imwage koenzimu A, nikaisawazisha asidi, nikatia DTNB. Njano ikaja kwa kiwango nilichokuwa nimekipiga hesabu.

Kwa hiyo chupa ilikuwa hai. Au tuseme haikuwa imeoza kwa njia hiyo. Malonili inaweza pia kupoteza kaboni dioksidi na kubaki asetili, na asetili ingenipa njano ile ile kwenye jaribio langu. Nilikaa na hiyo "au" siku nne. Mtu anayetaka kusamehewa hutafuta "au", na mimi nilikuwa namtafutia msimamizi wangu ushahidi kwamba yuko sahihi ili nami nipumzike.

## "Hayo maini yalilala wapi?"

Kwenye maabara yetu kuna mtaalamu mmoja anayestaafu mwisho wa mwaka. Hana shahada ya pili, na kila mwenye shahada ya pili aliyepita hapa alimkimbilia wakati fulani. Tunamwita Mzee tu. Siku ile alikuwa anarekebisha kwa bisibisi kifuniko cha sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli ili kuzitenganisha, mimi namlalamikia huku amenipa mgongo.

"Hayo maini yalilala wapi, binti?"

"Kwenye friza, Mzee. Hasi themanini."

"Siku ngapi?"

"Mengine wiki tatu. Foleni ya sentrifuji unaijua."

Hakugeuka. Akakaza skrubu moja, akaijaribu kwa kidole.

"Nyumba ukuta umebomoka," akasema, "wewe umekaa mlangoni unahesabu wageni."

Nilisimama pale kama niliyesahau nilichotumwa dukani.

Kwa sababu nilijua. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijua kwamba barafu inapojijenga ndani ya tishu inapasua kuta. Nilijua kwamba bawabu wa pili yuko nyuma ya ukuta wa ndani, na kwamba kinachomzuia asiguse kuveti yangu ni ukuta huo peke yake. Nilijua pia kwamba kazi yake inarudi nyuma: ukimpa palmitoili-koenzimu A, asidi ya mafuta iliyokwisha kuvishwa koenzimu A, pamoja na karnitini, ataivua koenzimu A na kuivisha karnitini, sawasawa na mwenzake wa nje. Mambo matatu, yote kichwani mwangu, kila moja kwenye chumba chake, na hayajawahi kusalimiana.

Ukuta ukianguka, bawabu wa ndani anatoka uani na kuanza kupokea wageni barabarani. Koenzimu A inavuliwa. Salfa inaachwa wazi. DTNB inageuka njano. Blanki isiyo na karnitini haimkamati, kwa sababu yeye pia anaitumia karnitini. Na malonili haimgusi.

Malonili ilikuwa ikiniambia ukweli tangu Alhamisi ile ya kwanza.

Bado nilibisha kidogo. Nilimwambia Mzee kwamba watu wanapima vimeng'enya kwenye maini yaliyogandishwa kila siku. Akasema ndiyo, vingi havijali. Vinaishi ndani ya ukuta au nje ya ukuta, ukivivunjia nyumba vinakuja vyote kwenye kuveti na hesabu yako haibadiliki. Lakini huyu wako unamuuliza habari za mlango, na mlango bila ukuta ni mbao tu.

## Kijiko cha sabuni

Sikutaka kumwamini kwa sababu ya methali yake. Nilitaka namba.

Ndani kabisa ya mitokondria kuna kimeng'enya kingine, sitreti sinthezi. Kinaunganisha asetili-koenzimu A na oksaloasetati kupata sitreti, na koenzimu A inaachwa. Kwa hiyo nacho kinapimwa kwa DTNB ile ile, mwanga ule ule, njano ile ile. Uzuri wake ni kwamba kuta zikiwa nzima, asetili-koenzimu A uliyoitia nje haiwezi kuingia kukifikia, na kuveti inabaki kimya. Ukitia sabuni ya maabara, kuta zinayeyuka, kinatoka, rangi inaruka. Tofauti kati ya kabla na baada ya sabuni ndiyo inayokuambia nyumba ngapi bado zimesimama.

Nikatoa ini moja kwenye friza, nikalisaga kwenye kinu cha kioo, nikatenganisha mitokondria kama kawaida.

Bila sabuni: 0.118 kwa dakika.

Na sabuni: 0.121.

Hakuna nyumba hata moja iliyosimama. Wiki zote zile nilikuwa nikitembea ndani ya magofu na daftari la kuhesabia wageni.

Nilimpelekea Mzee karatasi. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Sasa kula," akasema. Sijui yeye na dada yangu walikutana wapi.

## Mbwa wa Knoop

Hapa nataka kuchepuka kidogo, kwa sababu kuna mtu niliyemfikiria sana siku hizo.

Mwaka 1904 Franz Knoop alitaka kujua mwili unazikata vipi asidi za mafuta, wakati hakuna spektrofotometa kama yangu wala mtu aliyejua mitokondria inafanya nini. Shida yake ilikuwa kama yangu: mafuta yakishachomwa yanageuka kaboni dioksidi na maji, na kaboni dioksidi haina jina la mwenyewe. Basi akazitia alama. Alichukua asidi za mafuta akazifunga mwishoni pete ya benzini, duara la kaboni sita, ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuichoma, akawalisha mbwa, akasubiri mkojo. Mnyororo wenye kaboni witiri ulitoa mabaki ya aina moja, wenye kaboni shufwa ulitoa ya aina nyingine. Hiyo ingewezekana tu kama mwili unakata kaboni mbili mbili. Akaisoma njia nzima kutokana na mabaki, kama mfugaji anayemtambua ng'ombe wake kwa chapa hata baada ya kuibwa na kupelekwa soko la mbali.

Njano yangu haina chapa. Ndiyo kasoro yake na ndiyo sababu ya urahisi wake. Maabara zenye uwezo humpima bawabu wa kwanza kwa karnitini yenye tritiamu, hidrojeni yenye mionzi: unafuatilia miale mpaka kwenye palmitoili-karnitini yenyewe, na unajua kila unachohesabu kilipita mkononi mwa CPT. Hata hiyo, angalia, haikuambii ni CPT yupi kama ukuta umeanguka. Chapa inakuonyesha ng'ombe, haikuonyeshi aliyefungua zizi. Kwa hilo unarudi kule kule: ukuta mzima na malonili.

Niliposoma hayo nilipata faraja ya ajabu. Nilikuwa nimeanza kuilaumu DTNB, na umaskini wetu, na stima. Lakini hata ningekuwa na mashine zote, maini yangeendelea kuwa yamelala kwenye friza.

## Ngege wanne wazima

Jumanne saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa Dunga na ndoo mbili zenye vifuniko, pampu ndogo ya hewa ya betri, na bodaboda aliyeapa kwamba hajawahi kumbeba samaki anayepumua.

"Leo unawataka wazima?" mama mwenye vizimba aliniuliza. Siku zote nilikuwa nachukua maini pale pale ufukoni na kuyatia kwenye barafu kavu.

"Wazima, Mama. Wanne."

"Na mizoga utanirudishia nikaange?"

Tulikubaliana kwamba minofu ni yake, maini ni yangu.

Saa moja na robo nilikuwa maabara. Kila kitu kilikuwa kwenye barafu: bafa ya sukrosi, kinu, mchi, hata mikono yangu. Kusaga mapigo sita ya taratibu, bila hasira. Mzunguko wa kwanza wa 600 g, yaani mara 600 ya nguvu ya uvutano, kuondoa viini na vipande, wa pili wa 9,000 g kushusha mitokondria chini. Mzee alikuwa amenihifadhia sentrifuji tangu jana yake kwa kuweka koti lake juu.

Nilianza na sitreti sinthezi kabla ya kugusa kingine chochote. Bila sabuni, 0.014. Na sabuni, 0.119. Kama asilimia 12 ya kuta zimevunjika, zingine zimesimama.

Halafu kuveti mbili. Kila moja na blanki yake.

Ya kushoto, baada ya kutoa blanki, ilipanda 0.021 kwa dakika. Ya kulia, yenye malonili, 0.006.

Niliziinua zote mbili dirishani nione kwa macho, jambo ambalo halina maana yoyote ya kisayansi. Ya kulia ilikuwa imebaki nyuma. Njano yake ilikuwa ya blanki zaidi kuliko ya kitu kingine, hafifu, kama chai ya rangi iliyotiwa majani machache mno.

Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye stuli, nikaisikiliza friza ikinguruma.

## Kilichobaki

Usidhani mambo yamekwisha. Hiyo 0.006 inanisumbua. Ni zaidi ya robo ya 0.021, wakati kuta zilizovunjika ni asilimia 12 tu. Ziada imetoka wapi? Malonili inagombania nafasi na palmitoili-koenzimu A, kwa hiyo nikiweka mafuta mengi mno kwenye kuveti, baadhi ya mabawabu wanaponyoka pingu. Inawezekana. Tena palmitoili-koenzimu A yenyewe ni sabuni ya aina yake. Ikizidi inaweza kuwa inabomoa kuta mbele ya macho yangu, dakika kwa dakika, wakati napima. Wiki ijayo nitashusha kiwango chake nione kama ile 0.006 inashuka pia.

Na kuna sampuli 48. Msimamizi wangu aliniuliza kama nitazitupa. Alikuwa mpole, na nilishukuru, kwa sababu wiki chache zilizopita nilikuwa namkasirikia bure kwa kisingizio ambacho nilikitamani kuliko yeye. Sizitupi. Zinasema kitu kuhusu bawabu wa pili, si lile nililowauliza. Nilipozigawa kwa sitreti sinthezi, ili kusawazisha wingi wa mitokondria katika kila ini, tofauti kati ya waliolishwa na waliofungishwa ilipungua sana. Grafu nzuri sasa ni grafu ya kawaida. Nimeiondoa kwenye kompyuta, nimerudisha picha ya mpwa wangu.

Kazi ya samaki wabichi itakuwa ngumu. Wanne kwa siku, basi, kwa sababu sentrifuji ni moja na mitokondria nzima hazisubiri mpaka kesho. Nikitaka idadi ile ile ninahitaji asubuhi kumi na mbili za Dunga. Mama mwenye vizimba amefurahi; bodaboda ameanza kudai nauli ya abiria wanne.

Jana nilirudi kwenye daftari, ukurasa wa ile Alhamisi. Juu ya safu ya namba nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, kwa kalamu nzito ya mtu mwenye hakika, "CPT ya kwanza". Nimeikata kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, ili bado isomeke. Pembeni nimeandika "CPT, ukuta umevunjika", tarehe ya jana, na herufi za jina langu.